Mheshimiwa Hataki Kula

Majuma tisa yalikuwa yamepita Mheshimiwa hajatia kitu tumboni, na katika majuma hayo Fundi alikuwa amemhakikishia mkewe kwenye simu, si mara moja wala mbili, kwamba Mheshimiwa anakula vizuri na afya yake ni ya kupigiwa mfano.

Mheshimiwa alikuwa chatu. Jina hilo alipewa na mke wa Fundi kwa sababu, alisema, hana kazi yoyote anayoifanya, hulala mpaka mchana, hupashwa joto kwa umeme anaolipia mtu mwingine, na akitaka kupita kila mtu humpisha. Urefu wake ulikuwa mita tatu na nusu, unene wake paja la mcheza mpira, na mabaka yake ya kahawia na manjano yalipangika vizuri kiasi kwamba hata Fundi, ambaye hakuwa akimpenda, alikiri hajawahi kukuta kitambaa chenye maua ya namna ile.

Mke wa Fundi alifanya kazi kwa daktari wa mifugo. Alishika mbwa wanaochomwa sindano, akasafisha meza, akawatuliza wenye mbwa, ambao mara nyingi ndio waliolia zaidi. Miaka kumi na moja nyuma mtu asiyejulikana aliacha gunia mlangoni pa daktari, na ndani ya gunia mlikuwa na chatu aliyekonda hata mbavu zikahesabika. Daktari alisema hana pa kumweka. Mke wa Fundi akasema yeye anapo. Jioni akamwuliza mumewe, naye bila kuinua macho kutoka kwenye pindo la suruali akajibu, "Sawa." Fundi alikuwa mtu wa sawa. Ungemwambia nyumba inaungua angekujibu sawa, mradi usimtikisie cherehani.

Basi chatu akapewa chumba cha ndani, kilichokuwa stoo ya vitambaa. Akajengewa kizimba cha mbao na kioo, kirefu kama kitanda, chenye taa ya joto upande mmoja na beseni la maji upande wa pili. Fundi akabaki chumba cha mbele na cherehani yake, akishona sare za shule na suti za maharusi. Kwa miaka kumi na moja aliingia kile chumba labda mara kumi, na kila mara alikuwa akitafuta vifungo.

Halafu asubuhi moja mkewe akatoka na begi moja.

"Nakwenda kwa dada," alisema. "Nitakaa."

"Utakaa mpaka lini?"

"Nitakaa."

Akaondoka. Fundi alisimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, akajaribu kukumbuka wamegombana lini. Hawakugombana. Hakuna sahani iliyovunjika, hakuna neno lililotupwa. Hakumpiga, hakumtukana, hakuwa na mwanamke wa pembeni. Hata nguvu za kumtafuta hakuwa nazo. Alijipekua kichwani siku nzima kama mtu aliyepoteza ufunguo, akaishia kukata mikono miwili ya kushoto kwenye koti la bwana harusi.

Juu ya mlango wa chumba cha ndani alikuta karatasi imebandikwa, imeandikwa pande zote mbili. *Upande wa joto nyuzi thelathini na mbili, upande wa baridi ishirini na sita. Maji ya beseni kila siku. Akinyea humo, saa ile ile. Sungura mmoja kila majuma matatu, ayeyushwe kwenye maji ya vuguvugu, apewe kwa koleo ndefu. Ukishika sungura nawa mikono, la sivyo atadhani sungura ni wewe. Usimtoe peke yako hata siku moja, hata kama unajiona shujaa. Kufuli, halafu hakikisha kufuli.* Fundi aliisoma yote mara tatu akitafuta neno linalomhusu yeye. Halikuwepo.

Hapo ndipo alipojipigia hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo iliyomweka hai tangu siku ile. Mwanamke anaweza kumwacha mume. Wamejaa tele wanawake walioacha waume. Lakini mwanamke huyu hawezi kumwacha chatu huyu. Ipo siku atamjia. Na siku atakayomjia, yeye Fundi atakuwa pale pale mlangoni, amenyoa ndevu. Kwa hiyo maadamu Mheshimiwa yu hai, mke yu njiani. Mheshimiwa akifa, njia imekatika.

Juma la tatu lilipofika, Fundi alimtoa sungura kwenye friji, akamtia kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, akamngoja kama anayengoja chai ichemke. Akapiga moyo konde. Akafungua mlango mdogo wa kizimba, akamning'iniza sungura kwenye koleo mbele ya kichwa cha chatu, jasho jembamba likimtoka hadi kwenye nyusi. Mheshimiwa akatoa ulimi. Akanusa. Akageuza kichwa, akakilaza juu ya mgongo wake mwenyewe kama mtu aliyekaribishwa chakula na watu asiowapenda.

"Kula bwana," Fundi akamsihi. "Ni yule yule wa siku zote."

Baada ya nusu saa mkono ulikufa ganzi. Karatasi ilisema sungura akishayeyushwa hagandishwi tena, hivyo akapewa mbwa wa jirani.

Jumapili mkewe akapiga simu. Hapigi ila Jumapili, na hazungumzi zaidi ya dakika tano.

"Amekula?" aliuliza.

Fundi alikuwa amejiandaa kusema ukweli. Lakini ukweli ulipofika kooni, aliona mbele yake yule mwanamke akishusha pumzi upande wa pili wa simu na kusema, hata nyoka umeshindwa. Ulimi ukateleza.

"Amekula. Mara moja tu, kapu! Kammeza."



"Vizuri," mkewe akasema. "Na wewe mwenyewe?"

"Salama tu."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwenyewe akiwa ndani yake huiona ndefu. Juma la sita sungura wa pili alikataliwa, mbwa wa jirani akashiba, na mke akaambiwa tena kapu. Mbwa alianza kumsindikiza Fundi kila anapotoka, kama mkwe anayetafuta kibali. Mheshimiwa ndiye aliyekuwa haeleweki. Halii, hakohoi, hashiki tumbo. Usiku na mchana ana uso ule ule. Fundi alikaa mbele ya kioo juu ya stuli akamtazama, chatu naye akamtazama, na katika wawili hao hakuna aliyejua mwenzake anataka nini.

Akaamua kufanya analolijua. Fundi anaiamini futi kuliko anavyowaamini watu. Mteja atakwambia amekonda; futi itasema mama, hukukonda. Akamwita muuza sungura, mtu mfupi mwenye maneno mengi, ili awe yule mtu wa pili aliyeagizwa na karatasi.

"Mimi nashika mkia tu," muuza sungura akasema mapema. "Kichwa ni chako. Mimi nina familia."

"Na mimi?"

"Wewe mkeo kaondoka."

Wakamlaza Mheshimiwa sakafuni, Fundi akamfuata kwa futi toka puani hadi ncha ya mkia, akaandika kwenye daftari la vipimo, kati ya mwalimu mmoja wa shule na bwana harusi wa mikono ya kushoto: *Mh., urefu 3.52, kiuno 46.* Juma lililofuata akapima tena. 3.37. Akadhani amekosea, akarudia. 3.35. Juma la nane wakampima mara ya tatu, na futi ikasoma 3.19.

"Anapungua," Fundi akasema.

"Nyoka hapungui urefu," muuza sungura akasema. "Labda unene."

"Unene uko pale pale! Arobaini na sita. Tazama mwenyewe."

Muuza sungura akatazama, akatikisa kichwa, akasema kuwa yeye anauza sungura tu na mambo ya nyoka kusinyaa hajawahi kuyasikia. Akaenda zake haraka. Fundi alibaki na futi mkononi. Mwenye njaa hukonda, hafupiki. Kiumbe gani hufupika bila kukonda? Alizunguka kizimba mara mbili. Akaitazama taa ya joto, nyekundu, ikimwakia chatu mgongoni mchana kutwa, na hapo akili ya ufundi wa miaka thelathini ikamnong'oneza jawabu. Kitambaa. Kitambaa kizuri ukikitia kwenye moto husinyaa. Upana unaweza kubaki, urefu ukaondoka. Ndiyo maana kila fundi mwenye akili hukiloweka kwanza kabla ya kukata.

Taa ilikuwa kali mno, basi. Mkewe alikosea kuandika. Fundi alijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu begi lile litoke mlangoni: angalau kitu kimoja katika nyumba hii kilikuwa na sababu. Akashusha joto toka thelathini na mbili hadi ishirini na saba.

Juma la tisa Mheshimiwa hata hakumnusa sungura. Alikuwa ameingia ndani ya beseni, amejikunja humo mzima mzima kama kamba iliyotupwa majini, na alipoguswa mgongoni kwa kipini cha koleo alijivuta taratibu kwa namna iliyomtia Fundi hofu. Mwili ulikuwa baridi. Ngozi ile nzuri ilikuwa imefifia, imekuwa kama nguo iliyofuliwa kwa sabuni mbaya. Na macho! Macho yaliyokuwa meusi sasa yalikuwa na ukungu wa bluu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Fundi alipunga mkono mbele ya kioo. Chatu hakutikisika.

Amekuwa kipofu. Amekuwa kipofu, amefupika, na anakufa.

Ilikuwa Jumatano, saa nane mchana, nje watu wanapita na shughuli zao. Fundi alikaa kwenye stuli, simu mkononi. Akimpigia mkewe, atajua kwamba kila Jumapili alidanganywa, na mwanamke aliyedanganywa mara zote hizo harudi. Asipompigia, chatu atakufa, na mwanamke aliyeuliwa chatu wake harudi vilevile. Alizigeuza njia hizo mbili huku na huku akitafuta ya tatu. Haikuwepo. Mle ndani ya beseni Mheshimiwa akaachia kipovu kimoja cha hewa, na kipovu hicho ndicho kilichomwinua Fundi. Hakutaka afe. Ajabu ni kwamba kwa dakika ile hakumfikiria mkewe kabisa. Hakutaka tu afe.

Akapiga. Aliyepokea alikuwa dada wa mkewe.

"Shemeji! Leo Jumatano. Kuna msiba?"

"Hakuna, shemeji. Bado. Nipe mwenzangu."

"Sauti yako mbona hivyo?"

"Nipe mwenzangu, shemeji, nakuomba."

Akasikia kandambili zikiburuzwa, mlango ukifunguliwa, kisha sauti aliyoijua kuliko yake.

"Kuna nini?"

"Hajala," Fundi akasema, na baada ya neno hilo mengine yakamtoka yote kwa pamoja kama nguo kwenye kabati lililojazwa kupita kiasi. "Hajala hata siku moja tangu uondoke. Nilikudanganya. Sungura wote kala mbwa wa jirani. Na sasa amefupika, ana mita tatu na kumi na tisa, nimempima mwenyewe, na amekuwa kipofu, na yumo kwenye maji hataki kutoka, ni wa baridi kama bomba. Sijui nifanye nini. Niambie nifanye nini."



"Macho yana rangi gani?" mkewe akauliza. Sauti yake ilikuwa ya kazini, ile ya kuwatuliza wenye mbwa.

"Bluu. Bluu ya maziwa."

"Anajivua ngozi. Jicho la nyoka lina ngozi yake, nalo linajivua. Siku chache yatakuwa meusi tena. Ameingia majini ili alainike. Sasa niambie kwa nini ni wa baridi. Kipimajoto kinasomaje?"

"Ishirini na saba."

"Upande wa baridi?"

"Upande wa joto."

"Nani kakushushia?"

"Mimi. Alikuwa anasinyaa." Fundi akaitazama taa. "Nilifikiri ni joto. Kama kitambaa."

Kukatoka sauti ambayo hakuweza kuitambua. Kama ni kicheko kilikuwa na maji ndani yake, na kama ni kilio kilikuwa na meno nje.

"Pandisha. Sasa hivi, nikiwa hapa hapa. Si kwa pupa. Nyuzi moja, ngoja, nyuzi moja. Ungeendelea hivyo juma jingine angeshikwa na homa ya mapafu, na hapo ungenipigia kunipa habari nyingine."

Akapandisha. Kitufe kikamkwepa mara mbili. Mkewe akamngoja, na huku akimngoja akamweleza kwamba chatu hapimwi kama suruali. Akijikaza misuli hufupika, akistarehe hunyooka, na siku zile alijikaza kwa sababu alishikwa na mikono inayomwogopa.

"Na kula je?" Fundi akauliza. "Majuma tisa!"

"Msimu huu huwa hataki kula. Ni dume. Wakati huu wa mwaka dume la chatu hutafuta jike, chakula halikumbuki. Miezi mitatu, mwaka mwingine minne."

"Jike lenyewe liko wapi?"

"Halipo. Naye hajui kwamba halipo."

Fundi akamtazama Mheshimiwa ndani ya beseni. Kwa mara ya kwanza alimhurumia kama mwanamume mwenzake.

"Hukuandika kwenye karatasi," akasema.

"Sikuandika kwa sababu sikufikiri inahitaji kuandikwa. Kila mwaka, Fundi. Miaka kumi na moja, kila mwaka, katika chumba kilichopakana na cherehani yako. Sungura wanarudi na koleo mara nne mfululizo, mimi ninapita nao mbele yako kwenda kuwatupa. Ulikuwa unaishi wapi wewe?"

 Fundi alijaribu kukumbuka mkewe akipita mbele yake na sungura. Alikumbuka mapindo. Alikumbuka mapindo mengi sana.

Kisha jambo jingine likamfikia, polepole, likamchoma.

"Kwa hiyo Jumapili ile ya kwanza, nilipokwambia amekula..."

"Nilijua."

"Na ya pili?"

"Nilijua zote. Ile ya kwanza nilitaka kukwambia usihangaike, msimu umefika. Ukaniwahi na kapu yako. Basi nikanyamaza. Nikasema ngoja nione mume wangu atafika wapi."

"Ningemuua!"

"Nilipiga kila Jumapili, nikauliza. Ungeweza kusema. Hapo hata mimi nilikosa. Sikujua habari ya kitambaa. Nani angeijua?"

Nje gari la maji lilipita likipiga honi. Fundi alihamisha simu sikio hadi sikio. Alijua kwamba mazungumzo yamefika mwisho: chatu hafi, dawa imepatikana, na mwanamke huyu hazungumzi zaidi ya dakika tano. Hesabu yake yote ilikuwa imebakia ile ile; Mheshimiwa yu hai, atajiwa siku moja, na yeye atakuwa mlangoni. Ilitosha kusema sawa na kukata.

"Sijui kwa nini uliondoka," akasema.

Hakujua ametoa wapi ujasiri wa kusema hivyo. Alisikia mkewe akivuta kiti.

"Najua hujui," mkewe akasema. "Ungejua nisingeondoka."

"Nimetafuta. Wallahi nimetafuta, toka siku ile. Sioni."

"Unafikiri mle chumbani nilikuwa nafanya nini kila jioni, saa nzima? Kumlisha mtu anayekula mara moja kwa majuma matatu?"

"Nilijua unasafisha."

"Nilikuwa naongea. Mambo ya kazini, mambo ya mwili wangu, siku daktari aliponiambia nipumzike, siku mama alipoanza kunisahau jina. Namwambia chatu. Nyoka hana masikio, Fundi, mtoto wa shule anajua. Na katika nyumba nzima ndiye niliyemwona wa kumwambia."

"Daktari alikwambia upumzike? Lini?"

"Nilikwambia na wewe. Ulisema sawa."

Fundi alifumba macho. Alitafuta siku hiyo, akatafuta jambo hilo, na palikuwa peupe. Alishikwa na hofu kubwa kuliko ile ya chatu mfu. Mama mkwe kasahau jina la bintiye? Mwili wa mke una nini? Mambo yalikuwa mengi na kila moja lilikuwa na mlango wake, na yeye hakujua aanze kubisha upi.

"Sijaelewa," akasema. "Sikiliza, usikate. Sijaelewa. Hebu rudia toka mwanzo."

Aliitoa simu sikioni kuona kama bado inahesabu dakika. Ilikuwa inahesabu. Ilikuwa imefika kumi na nane. Akairudisha, na mkewe alikuwa ameshaanza kusema, kwa sauti ya chini, kama mtu asiye na hakika kama upande wa pili kuna masikio.

"Samahani, hapo sikukusikia," Fundi akamkatiza. "Anza tena."

Mkewe akaguna, kisha akaanza tena.